Hesabu za mvua yetu zipigwe hapa hapa Chamwino

Kila mwaka ifikapo Novemba, swali ni lile lile katika vijiji vya wilaya ya Chamwino, kuanzia Mvumi hadi Haneti, kuanzia Buigiri hadi Mpwayungu: tupande lini? Wapo wanaoberega mapema na kuacha mbegu ya mtama kwenye udongo mkavu wakingoja mvua. Wapo wanaosubiri mvua ya pili au ya tatu. Muuza pembejeo naye ana swali lake dukani: alete mifuko mingapi ya mbegu ya Macia, na aweke akiba kiasi gani kwa watakaolazimika kurudia kupanda mwezi Januari?

Wote hawa wanafanya hesabu ya uwezekano. Tofauti ni kwamba wanaifanya kichwani, kwa kumbukumbu ya misimu mitatu au minne iliyopita. Binadamu hukumbuka zaidi mwaka uliomuumiza. Mwaka mmoja mbaya huweza kumfanya mkulima apande vibaya miaka mitano inayofuata.

Makala haya yanataka kueleza jambo ambalo kwa mara ya kwanza litaonekana geni katika kurasa za kilimo: kwamba kompyuta nne za mtumba, zikiunganishwa nyumbani kwa waya, zinaweza kupiga hesabu hiyo kwa kila kipande cha wilaya yetu, na kwamba ni muhimu zipigwe na watu wetu wenyewe. Nimejaribu nyumbani kwangu, nimekosea mara kadhaa, na nadhani makosa yangu yatamsaidia mwingine.

Takwimu zipo, hesabu ndiyo haipo

Watu wengi hudhani kwamba tatizo letu ni ukosefu wa takwimu. Si kweli. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakishirikiana na Idara ya Jiolojia ya Marekani, wametengeneza kumbukumbu ya mvua iitwayo CHIRPS, inayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Inaanzia mwaka 1981. Imegawa nchi katika viraba vyenye upande wa takribani kilomita tano na nusu, na mtu yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Wilaya ya Chamwino, yenye zaidi ya kilomita za mraba 8,000, inaingia katika viraba kama 260.

Aidha, Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikizifuatilia kaya nchini kupitia utafiti uliofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2008/2009, wenye maswali mengi kuhusu mashamba, mbegu na mavuno. Takwimu zake, zikiwa zimeondolewa majina, hupatikana kwa watafiti. Bei za jumla za nafaka katika masoko ya mikoa nazo hukusanywa na serikali.

Programu ya kuchambua yote hayo pia ipo. Zamani mwanafunzi wa takwimu alitegemea programu za kulipia ambazo leseni yake ilimshinda mara tu alipotoka chuoni. Lakini Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walianzisha lugha iitwayo R, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Februari 2000. Ni ya bure, na leo hutumiwa na vyuo, mabenki na taasisi za utafiti duniani kote. Kijana wa Manchali anaweza kutumia chombo kile kile anachotumia mtafiti wa London.

Kilichobaki ni nguvu ya kupiga hesabu. Hapo ndipo penye kazi.

Kibuyu cha miaka

Hesabu yenyewe ni rahisi kueleza. Chukua miaka zaidi ya 40 ya mvua ya kiraba kimoja, tuseme cha Chilonwa. Andika kila mwaka kwenye kikaratasi, uvitie vyote ndani ya kibuyu. Chomoa kimoja, kiandike, kirudishe ndani, chomoa kingine, mpaka uwe umechomoa mara nyingi sawa na idadi ya miaka yako. Sasa hesabu: katika miaka uliyochomoa, ni mingapi ambapo mbegu iliyopandwa tarehe 10 Desemba ingekumbwa na siku kumi mfululizo za ukavu kabla haijatimiza mwezi mmoja? Andika jibu. Rudia zoezi hilo mara 1,000.

Kwa nini mara 1,000? Kwa sababu jibu moja halikuambii ulitegemee kiasi gani. Ukirudia mara nyingi utajua kama hatari ni kati ya 3 na 4 katika kila misimu 10, au kama ni kati ya 1 na 7, jambo ambalo maana yake ni kwamba hujui kitu na usijidanganye.

Sasa zidisha. Viraba 260. Tarehe 13 za kupanda, kila baada ya siku tano kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari. Marudio 1,000. Hizo ni hesabu 3,380,000, na kila moja inabeba ndani yake kipimo cha maji yanayobaki kwenye udongo siku hadi siku. Tuseme kila hesabu inachukua sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kompyuta inayofanya hesabu moja baada ya nyingine itamaliza baada ya saa 47. Hizo ni siku mbili mchana na usiku, katika mazingira ambayo umeme haukuahidi kutokatika.

Lakini angalia: kiraba cha Chilonwa hakihitaji kujua jibu la kiraba cha Mvumi. Kazi hii ni kama palizi. Shamba la ekari nane likimshinda mtu mmoja, wanaitwa wanane na kila mmoja anashika ekari yake.

Wazo hili ni la miaka mingi. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa waya wa mtandao na kuzifanya zishirikiane kazi moja. Waliiita Beowulf. Hadi wakati huo hesabu kubwa zilihitaji mashine za bei ya kutisha. Tangu hapo kundi la namna hiyo, linaloitwa klasta, limekuwa jambo ambalo hata mtu wa kawaida anaweza kulijenga.

Nilivyojenga yangu

Nilinunua kompyuta nne za mezani zilizokwisha kutumika maofisini, zenye prosesa za viini viwili kila moja, kwa jumla ya Sh720,000. Nyongeza zilikuwa swichi ya mtandao, waya tano na UPS moja. Gharama yote ilikaribia bei ya ng'ombe dume mmoja mnono. Bei hutofautiana, na anayenunua mtumba ajiandae: mojawapo ilikufa wiki ya tatu na aliyeniuzia hakupokea simu tena. Washa kila mashine na uiache ifanye kazi nusu saa kabla hujatoa fedha.

Kompyuta moja niliifanya nyapara na zote nne zikawa vibarua, yaani viini vinane vya kufanya kazi. Nyapara ndiye mwenye skrini na kibodi. Hugawa kazi, hupokea majibu na kuyaandika. Zote nilizipa mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, na toleo lile lile la R. Usichanganye matoleo, kwani majibu yanaweza kupishana na hutajua kosa liko wapi. Tangu mwaka 2011, R yenyewe huja na nyenzo za kugawa kazi kwa vibarua. Hakuna cha kununua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuunganisha mashine kwa mtandao usiotumia waya. Kila kibarua kilikuwa kikisubiri takwimu zifike, kama wapalizi wanaogombea jembe moja. Nilipoweka waya na swichi, na kunakili takwimu za mvua katika diski ya kila mashine, mwendo ulibadilika.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Mwanzoni niligawa kazi kwa marudio: kila kibarua kifanye marudio 125 kwa kila kiraba, ambayo mara nane ni 1,000. Kompyuta haina kibuyu; hutengeneza namba za kubahatisha kuanzia namba moja ya mwanzo. Mimi nilivipa vibarua vyote namba ile ile ya mwanzo. Vikawa vinachomoa vikaratasi vile vile kwa mfuatano ule ule! Nilidhani nina marudio 1,000, kumbe nilikuwa na 125 yaliyonakiliwa mara nane. Niligundua baada ya kuona majibu ya vibarua vyote yanalingana hadi tarakimu ya mwisho. R ina amri maalumu ya kukipa kila kibarua mfululizo wake wa namba, itumie. Na somo hili ni kwa kila mtu anayesoma takwimu: mashahidi wanane walioambiwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Kosa la tatu nililetewa na umeme. Ulikatika katika saa ya tano ya kazi, na kwa kuwa nilikuwa nimepanga majibu yaandikwe mwishoni, yote yalipotea. Siku hizi nagawa kazi kwa viraba, kila kibarua kikipata 32 au 33, na kila kiraba kikikamilika jibu lake linaandikwa kwenye diski papo hapo. Umeme ukirudi, kazi inaendelea ilipoishia. UPS niliiweka kwa nyapara na swichi, maana kibarua kikizimika hasara ni kiraba kimoja tu.

Kazi ya saa 47 sasa huchukua saa saba na dakika kadhaa. Mwenye kupiga hesabu atauliza mbona si saa sita kasoro, kwani 47 ukigawa kwa nane hupati saba. Ni swali zuri. Sehemu fulani ya kazi haigawanyiki: nyapara lazima asome takwimu kwanza, agawe, kisha akusanye. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967. Kama katika kazi ya saa kumi kuna saa moja isiyogawanyika, hata ukiita vibarua mia hutamaliza chini ya saa moja. Hivyo basi, usinunue mashine ya tano kabla hujaangalia kama nyapara wako ndiye anayechelewesha.

Kwa upande wa umeme, mashine zangu hula takribani wati 80 kila moja zikiwa kazini, kwa hiyo usiku mmoja wa hesabu unamaliza kama yuniti mbili na nusu. Kila mtu apige hesabu kwa bei ya yuniti anayolipa. Mimi hufanya kazi hii usiku, kukiwa na baridi, na kila mwisho wa mwezi napuliza vumbi la ndani. Vumbi la Ugogo huua kompyuta kuliko virusi.

Faida iko wapi?

Tuchukue mfano. Tuseme mbegu na kibarua cha kupandia ekari moja ya mtama ni Sh60,000. Kama hatari ya kurudia kupanda ni 4 kati ya 10 kwa tarehe fulani, gharama ya wastani ya hatari hiyo ni Sh24,000 kwa ekari. Kama kwa kusogeza tarehe hatari inashuka hadi 2 kati ya 10, gharama inakuwa Sh12,000. Kwa mwenye ekari tano, tofauti ni Sh60,000 kwa msimu, bila kuongeza mbolea wala trekta. Hata hivyo, anayechelewa sana hupoteza kwa upande mwingine, maana mvua zetu ni za msimu mmoja, na mtama ukikosa maji wakati wa kutoa masuke hakuna cha kurudia. Hesabu nzuri hupima hatari zote mbili.

Muuza pembejeo naye atajua ni vijiji gani vina hatari kubwa ya kurudia kupanda, na ataweka akiba ya mbegu huko badala ya kusambaza kwa kubahatisha na kubaki na mifuko ya mwaka jana.

Lakini jambo kubwa zaidi ni bima. Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliunganisha nguvu katika ushirika wa bima ya kilimo. Ni hatua ya kupongezwa. Baadhi ya bima za mazao duniani hulipa kwa kutazama kipimo cha mvua au picha za setilaiti, bila mtu kufika shambani. Kipimo kikisema mvua ilitosha, hulipwi, hata kama mtama wako umekauka. Je, mkulima au chama cha ushirika kitajuaje kwamba kipimo kilichowekwa kwenye mkataba kinaendana na hali ya kijiji chake? Kitajuaje kama katika miaka 40 iliyopita mkataba huo ungelipa katika miaka ya njaa tunayoikumbuka, au ungelipa katika miaka mingine kabisa? Hesabu hiyo inawezekana kufanywa usiku mmoja kabla ya kusaini. Anayeweza kuifanya anajadiliana. Asiyeweza anasaini.

Wazee wa Ugogo wanasimulia Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati ukame ulipokutana na majeshi ya wakoloni yaliyokuwa yakichukua nafaka na ng'ombe. Maamuzi ya kiasi gani kichukuliwe yalifanywa na watu wasiokuwa na hesabu ya mahitaji ya kaya. Nyakati zimebadilika, lakini bado ni hatari kwa jamii kuachia wengine peke yao kazi ya kuihesabia chakula na mvua yake.

Mipaka yake

Nisingependa mtu auze mbuzi wake kwa ajili ya makala haya. Mwenye duka anayetaka kujua mapato na matumizi hahitaji klasta. Daftari au kompyuta moja inatosha. Kompyuta moja mpya yenye viini vinane inaweza kufanya kazi ya nne zangu, ila bei yake ni nyingine. Vilevile unaweza kukodi kompyuta za nje kupitia intaneti, lakini utalipa kwa kadi na kwa dola, na utahitaji mtandao usioyumba. Faida ya klasta ya mtumba ni kwamba mashine zake mara nyingi ziko tayari, zimefungiwa stoo za shule na maofisi kwa madai kwamba ni za zamani.

Pili, setilaiti haioni kila kitu. Mvua ya Ugogo hunyesha huku ikiacha kule. Inaweza kuloweka Msanga na kuacha jirani mkavu. Kumbukumbu za setilaiti lazima zilinganishwe na vipimo vya ardhini. Bila hivyo klasta itakupa kosa lile lile kwa kasi zaidi.

Tatu, kuna sheria. Utabiri wa hali ya hewa ni kazi ya TMA, na tunaposema tarehe fulani ilikuwa na hatari kiasi gani katika miaka 40 tunaeleza yaliyopita, hatutabiri. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilibanwa mwaka 2018 kwa wanaotoa takwimu zao wenyewe, kisha marekebisho ya mwaka 2019 yakalegeza. Hata hivyo usiziite zako takwimu rasmi, na eleza wazi ulivyozipata. Na kama utakusanya taarifa za wakulima, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: jina la mtu na madeni yake si mali ya kusambaza.

Tufanye nini?

Kwanza, halmashauri na shule za sekondari za wilaya zihesabu kompyuta zilizolala. Nne zinazofanana zinatosha kuanzia. Ziwekwe katika chumba kimoja chenye umeme na mlango unaofungwa, na awepo mwalimu au ofisa mmoja wa kuzisimamia.

Pili, Dodoma haina upungufu wa wasomi. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007, Chuo cha Mipango kipo, kituo cha utafiti cha TARI Hombolo chenye ujuzi wa mtama kipo, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake hapa. Mwanafunzi wa takwimu anayetafuta mada ya utafiti apewe kiraba cha Chamwino, na majibu yake yarudishwe kijijini kwa Kiswahili, katika karatasi moja inayobandikwa kwenye ofisi ya mtendaji. Tasnifu inayobaki kwenye kabati haimsaidii aliyejibu maswali yake.

Tatu, na hili halihitaji umeme wala kompyuta, kila chama cha ushirika kiwe na kipimo cha mvua na daftari. Asubuhi saa tatu, kila siku, mtu mmoja asome kipimo na kuandika milimita, na siku isiyo na mvua aandike sifuri. Sifuri ni takwimu. Nafasi tupu siyo. Daftari la misimu mitano kutoka kijiji kimoja litaonyesha kama setilaiti inasema kweli juu ya kijiji hicho.

Kipimo na daftari vinaweza kupatikana kabla ya mvua za msimu kuanza. Kompyuta zitafuata, na zikifika zitakuta cha kuhesabu.